Kupiga dawa ya majani na kurudi nyumbani salama: mwongozo kamili kwa vibarua na wasimamizi wa mashamba Tabora

Mvua ya kwanza ikishalowesha udongo wa Urambo, Kaliua na Sikonge, simu za kutafuta vibarua hubadilika. Mwezi wa kumi walikuwa wanatafutwa watu wa kung'oa visiki na kuinua matuta. Ikifika mwisho wa Novemba swali ni moja: "Una bomba? Njoo na mwenzako, kuna ekari sita." Bei ya ekari mnaelewana palepale kwenye simu. Habari ya glavu haiguswi.

Nimepiga dawa ya majani misimu tisa kwenye mahindi na mpunga, kisha nikapewa kusimamia wengine, na hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wapya halihusu namna ya kuua nyasi. Wananiuliza, "Kaka, ni kweli hii dawa inaleta saratani?" Kila nikijibu kwa mkato najiona nimewapunja. Hapa nitajibu kwa urefu, kisha nieleze kazi yenyewe tangu dukani hadi hospitali.

Saratani: kinachojulikana na kinachobishaniwa

Dawa za majani, au viuagugu, si kitu kimoja. Inayouzwa zaidi duniani ni glaifosati, iliyoingia sokoni mwaka 1974 na leo inatengenezwa na kampuni nyingi kwa majina mengi ya biashara. Machi 2015 wataalamu 17 kutoka nchi 11 walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani. Waliiweka glaifosati katika kundi la 2A, kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Saratani iliyotajwa ni ya mfumo wa limfu, ile inayoanzia kwenye tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Mwaka huohuo 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana ambayo wakulima wa mahindi na mpunga wanaifahamu, iliwekwa kundi la 2B, yaani inawezekana lakini ushahidi ni hafifu zaidi.

Mamlaka nyingine zilisema tofauti. Ile ya usalama wa chakula ya Ulaya, Novemba 2015, ilisema haielekei kwamba glaifosati ina hatari ya saratani kwa binadamu, na ile ya mazingira ya Marekani ina msimamo wa kufanana na huo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiruhusu kwa miaka 10 mingine. Tafiti nazo hazikubaliani. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wapuliziaji zaidi ya 54,000 wa majimbo ya Iowa na North Carolina, matokeo yake yakatolewa 2018, haukuona uhusiano wa jumla kati ya glaifosati na saratani ya limfu. Mwaka uliofuata watafiti wengine walijumlisha tafiti kadhaa, wakawatazama waliokutana na dawa hiyo kwa wingi kuliko wote, wakakuta hatari yao ya kupata saratani hiyo imepanda kwa asilimia 41. Saratani yenyewe si ya kawaida, kwa hiyo asilimia 41 juu ya namba ndogo bado inaleta namba ndogo. Lakini ikikuangukia wewe, haikuangukii kwa asilimia.

Kwa nini wataalamu wanatofautiana? Sababu zipo nyingi. Iliyo kubwa kwetu ni kwamba Lyon waliuliza kama kitu hiki kina uwezo wa kuleta saratani. Mamlaka za usajili huuliza kama kitaleta kikitumiwa jinsi lebo inavyoelekeza. Rudia maneno hayo ya mwisho polepole. Lebo inaelekeza glavu, buti, nguo inayofunika mwili na bomba lisilovuja. Uhakika huo alipewa mtu aliyevaa. Wewe unayepuliza kwa kandambili na fulana, huku maji ya dawa yakikutiririka mgongoni, hakuna mamlaka yoyote, iwe ya Ulaya au ya Marekani, iliyowahi kusema uko salama. Hili ndilo ninalotaka kila kibarua alielewe kabla ya lingine lolote.

Mwaka 2018, huko California, mahakama ilisikiliza kesi ya Dewayne Johnson, mtunza bustani wa shule aliyekuwa akipuliza dawa yenye glaifosati kazini akapata saratani ya limfu. Alieleza namna dawa ilivyomlowesha mwili baada ya vifaa kuharibika. Baraza la mahakama lilimpa dola milioni 289, zikapunguzwa hadi milioni 20.5 kwenye rufaa. Kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo imeendelea kusisitiza kwamba ni salama. Mimi naitaja kesi hiyo kwa sababu ya kule kulowa, maana kwetu ni jambo la kila wiki.

Dukani: jua jina la sumu yenyewe

Usikubali kupiga dawa usiyoijua jina. Kuna tabia ya dawa kupimwa dukani na kutiwa kwenye chupa ya maji au ya soda, ili mkulima mwenye nusu ekari asilazimike kununua lita nzima. Naielewa shida hiyo ya pesa. Ila chupa hiyo haina lebo, haina kipimo, haina onyo, na mtoto akiiona anaona soda. Bora wakulima watatu wachangie kopo moja lililofungwa kiwandani.

Kwenye kopo tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni namba ya usajili. Viuatilifu vyote nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Kopo lisilo na namba liache, hata likiwa rahisi kwa nusu bei. Cha pili ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Cha tatu, ambacho wengi hawakitafuti, ni jina la sumu yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Glaifosati kwenye lebo huanza na herufi GLYPH. Parakwati, dawa nyingine ya majani, huanza na PARAQ. Jina la biashara hubadilika kila msimu na kila duka, jina la sumu halibadiliki. Lipige picha kwa simu.

Ukikuta PARAQ, mwambie mwenye shamba atafute nyingine. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Funda moja ya dawa hiyo mbichi inaweza kuua mtu mzima kwa kuharibu mapafu, haina dawa ya kuizimua, na tafiti kadhaa zimeihusisha na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Atrazini, ya kwenye mahindi, Ulaya waliiondoa kwa sababu ilikuwa inafika kwenye maji ya ardhini. Hapa kwetu, ambako kisima cha kijiji mara nyingi kiko chini ya mteremko wa shamba, hilo si jambo la kupuuza.

Rangi ya lebo inakudanganya usipoielewa

Chini ya lebo kuna mkanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, halafu bluu, na kijani ni ya chini kuliko zote. Glaifosati mara nyingi ina kijani au bluu. Nimesikia kwa masikio yangu muuzaji akimwambia mama mmoja, "Hii ni ya kijani, haina shida, hata mtoto anapiga."

Mkanda ule unapima jambo moja tu: sumu hii inaweza kukuua au kukuuguza kwa haraka kiasi gani ukiinywa au ikikupata mwilini leo. Hausemi chochote kuhusu miaka 10 au 20 ijayo. Saratani haimo kwenye ile rangi. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu dawa ya nyekundu inakutisha, unavaa, unanawa. Ya kijani haikuwashi, haikutapishi, unaizoea, unaichanganya kwa mkono mtupu, msimu hadi msimu.

Bomba kabla ya kitu kingine

Msimu wangu wa pili nilipewa bomba la lita 16 na mwenye shamba mmoja. Mfuniko wake ulikuwa umepoteza mpira wa ndani, pakafungwa kipande cha nailoni. Kila nilipoinama kukwepa tawi, dawa ilimwagika kidogo kwenye mgongo, ikashuka kwenye suruali, ikatulia kiunoni na kwenye mapaja. Nilipiga hivyo siku nne. Jioni ya siku ya nne ngozi ya kinena ilikuwa nyekundu, inaniwaka nikitembea, na mshipi wa suruali ulikuwa umeacha mstari wa ngozi iliyochubuka. Nilipomwambia mwenye shamba alisema ni joto.

Baadaye nilijifunza kwa nini mahali pale ni pabaya kuliko pengine. Ngozi haipitishi sumu kwa usawa mwili mzima. Kipimo kinachojulikana sana, kilichofanywa kwa parathioni, sumu ya wadudu, kilionyesha kwamba ikiwa ngozi ya mkono wa chini imepitisha kiasi kimoja, ya kichwani hupitisha karibu mara 4, na ya korodani karibu mara 12. Kila sumu ina mwendo wake, lakini mpangilio ni huo. Bomba linalovuja linapeleka dawa palepale mwili ulipo mlango wazi.

Kwa hiyo fanya hivi jioni ya kabla ya kazi. Jaza bomba maji matupu hadi juu. Funga, livae, inama mpaka mgongo ulale kama meza, simama, inama tena. Mwombe mwenzako apitishe kiganja kavu kuzunguka mfuniko, chini ya tangi na kwenye kiungo cha mpira wa kuelekea mkononi. Halafu pampu mpaka ligome, ushike mkono wa kupulizia bila kubonyeza. Nozeli ikidondosha, kuna mpira umechakaa ndani. Mpira wa bomba unauzwa peke yake kwenye maduka ya pembejeo na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na tangi moja la dawa. Bomba lisilopita mtihani huu halibebwi mgongoni kwa mtu. Kwenye kundi langu hili halina mjadala, na mara mbili nimerudisha watu nyumbani kwa sababu hiyo huku mwenye shamba amenuna.

Kuvaa kwa mfuko wa kibarua

Najua suti kamili ya kupulizia haiko kwenye uwezo wa wengi, na kwenye jua la Tabora haivaliki saa nyingi. Basi twende na kinachowezekana, kwa mpangilio wa umuhimu.

Glavu kwanza. Ziwe za mpira mgumu za kushikia kemikali, zinazofika katikati ya mkono. Zile nyembamba za hospitali huchanika ukikamata mfuniko. Za ngozi na za kitambaa ni mbaya kuliko mkono mtupu, maana zinanyonya dawa na kuikalisha kwenye vidole siku nzima. Ukipuliza chini, mkono wa shati uje juu ya glavu ili matone yasiingie ndani.

Kisha buti za mvua, na suruali iwe nje ya buti. Ukiichomeka ndani, buti inageuka mtungi wa kukusanyia dawa. Shati la mikono mirefu, suruali nzito, kofia pana au kitambaa kichwani. Miwani ya plastiki wakati wa kuchanganya usiikose.

Cha nne nilifundishwa na mzee mmoja wa Sikonge, nami nakipenda kuliko vyote: mfuko wa nailoni ngumu, kwa mfano ule wa ndani ya gunia la mbolea, uliooshwa vizuri. Unaukata, unaufunga mabegani kama kanga, unaning'inia mgongoni hadi chini ya makalio, bomba linakaa juu yake. Hata bomba likitoa jasho kidogo, halikugusi wewe.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa dawa, na ikilowa inakuwekea dawa mdomoni. Kwa viuagugu vya kawaida vinavyopulizwa kwa matone makubwa, njia kuu ya sumu ni ngozi. Pesa yako ikiwa ni ya kitu kimoja tu, nunua glavu.

Kuchanganya: dakika tano za hatari kuliko saa nne za kupuliza

Tuchukue mililita 150 za dawa kwenye tangi la lita 15. Hiyo ni sehemu moja kwa 100. Tone moja la dawa mbichi likikudondokea kwenye kifundo cha mkono ni sawa na matone 100 ya ile ya kwenye bomba. Watu hujifunika vizuri wakienda kupuliza, ilhali kifuniko cha kopo walikipima kwa mkono mtupu, kikamwagikia vidole, wakajipangusa kwenye suruali.

Vaa kila kitu kabla ya kufungua kopo. Simama upepo ukitokea mgongoni au ubavuni. Weka maji nusu tangi, pima dawa kwa kikombe chenye alama kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, mimina kopo likiwa chini ya usawa wa kiuno, suuza kikombe ndani ya tangi, kisha jazia maji. Koroga kwa kijiti na si kwa mkono, hata kama una glavu. Maji yaletwe kwa ndoo mpaka kwenye bomba. Usichanganye kando ya kisima, lambo au mto, wala usichovye bomba humo.

Watoto na mama wajawazito au wanaonyonyesha wasiwe hapo. Kwetu wanaobeba maji ya kuchanganyia mara nyingi ni watoto wa mwenye shamba. Waweke maji hatua 30 pembeni, waondoke, ndipo ufungue kopo.

Kuongeza dozi "ili nyasi zife haraka" ni kuongeza sumu mwilini mwako. Glaifosati huua polepole, wiki moja hadi mbili. Mweleze mwenye shamba hivyo mapema ili asije akakurudisha upige upya siku ya tatu.

Kupuliza

Anza asubuhi jua likiwa bado pole, acha kabla ya saa tano. Ngozi yenye jasho hupitisha dawa kwa urahisi zaidi, na joto linakufanya ufungue vifungo. Upepo uwe mwepesi na ukupige ubavuni, nawe uanze upande ambao unakufanya usogee kwenye eneo ambalo halijapulizwa, usikate kwenye nyasi mbichi za dawa. Upepo ukianza kutikisa matawi, kaa chini ya mwembe usubiri.

Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Nimewaona watu wazima, mafundi wa miaka mingi, wakiifungua na kuiweka kati ya midomo. Beba ya akiba mfukoni, na mswaki wa zamani wa kuisafishia kwenye maji.

Chakula kisiingie shambani. Matobolwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, huliwa kwa vidole, na vidole vyako saa hiyo vina historia. Nawa kwa sabuni, toka pembeni, vua glavu baada ya kuziosha zikiwa bado mkononi, nawa tena, ndipo ule. Sigara vivyo hivyo, na kwa habari ya saratani sigara haina ubishi wowote kati ya wataalamu: iko kundi la kwanza. Ukiogopa dawa ya majani huku unavuta pakiti kwa siku, umeanza na adui mdogo.

Nyumbani ni sehemu ya kazi

Oga mara ufikapo, kwa sabuni na maji mengi, kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zisitupwe kwenye beseni la familia. Mke au dada anayezifua kwa mikono mitupu anapata dawa bila kulipwa ekari hata moja. Zifue peke yake, kwa glavu, mara mbili, zianikwe juani, zikae kwenye mfuko wao nje ya chumba cha kulala. Bora ufue mwenyewe.

Kopo tupu lisuuzwe mara tatu, na maji ya kila msuuzo yarudi kwenye bomba yapulizwe shambani. Kisha litoboe. Hili la kutoboa nasisitiza kwa sababu mkoa wetu ni wa asali. Dumu zuri la lita tano lenye mfuniko mkali halikai siku mbili bila mtu kuliokota akatie asali, na kule Kigoma wakatie mawese. Hakuna kuosha kunakolifanya lifae kwa chakula. Usilichome pia, moshi wake ni sumu. Muulize bwana shamba au muuzaji wa pembejeo wapi yanakusanywa.

Na maziwa: wazo kwamba ukinywa nusu lita baada ya kupiga dawa yanasafisha sumu limeenea sana, na halina ukweli. Dawa iliyopita kwenye ngozi haiko tumboni ikisubiri maziwa. Yanywe kwa sababu ni chakula.

Dawa ikikumwagikia, vua nguo palepale, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Mtu akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali na kopo lenye lebo mkononi. Daktari bila jina la sumu anatibu gizani.

Daftari

Hapa ndipo naomba umakini wako wote, maana katika mambo yote niliyoyaandika hili ndilo lisilogharimu chochote na ndilo lisilofanywa na mtu.

Saratani inayotokana na kazi haiji wiki ileile. Huja baada ya miaka mingi, wakati mwenye shamba amekwisha kuhama, duka limefungwa, na jina la dawa umelisahau. Daktari atakuuliza ulifanya kazi gani, utasema "kilimo." Neno hilo halimwambii kitu.

Mwaka 1974 watafiti wawili wa Sweden, Olav Axelson na Lars Sundell, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa reli waliokuwa wakipuliza dawa za majani kando ya njia za treni. Sisi watu wa Tabora, mji ambako reli ya kati inagawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, tunaweza kuiona picha hiyo bila kusimuliwa. Kundi lilikuwa dogo, na hoja zao zimejadiliwa sana tangu hapo. Kilichonigusa ni kwamba waliwatenganisha watu kwa dawa waliyopuliza na kwa wingi wa siku walizopuliza. Nani kati yetu anaweza kutaja siku zake?

Nunua daftari dogo la jalada gumu. Kila siku ya kazi andika mstari mmoja: tarehe, kijiji na mwenye shamba, jina la biashara na jina la sumu, matangi mangapi, saa ngapi, ulivaa nini, kilichoharibika. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Des 4. Mahindi, ekari 2. Glaifosati. Matangi 20. Saa 1 hadi 5. Glavu, buti, nailoni mgongoni. Tangi la 7 mpira ulichomoka, mkono wa kulia ulilowa, nilinawa." Dakika mbili tu jioni. Picha za lebo ziweke kwenye simu na uziandikie tarehe, lakini usitegemee simu peke yake, simu huibiwa.

Wasimamizi, ninyi andikeni la kundi zima. Mzungushe zamu, asiwepo kijana mmoja anayebeba bomba kila siku kwa sababu eti ana nguvu.

Dalili, na namna ya kusema na daktari

Hakuna kipimo cha damu cha kukuambia kwamba dawa ya majani itakuletea saratani, kwa hiyo anayekuuzia kipimo hicho au unga wa "kutoa sumu" anachukua pesa yako bure. Kilichopo ni kuujua mwili wako.

Tezi iliyovimba shingoni, kwapani au kinenani, isiyouma, isiyopungua baada ya wiki mbili hadi nne. Homa zisizo na sababu. Jasho la usiku linalolowesha shuka. Kukonda bila kupunguza chakula. Uchovu usioisha. Ukiwa na moja ya haya nenda kituo cha afya. Sehemu kubwa ya watu wenye tezi hawana saratani, na kwetu jambo la kwanza litakalofikiriwa ni kifua kikuu, kwa haki kabisa, kwa sababu nacho huvimbisha tezi na kuleta jasho na kukonda. Kubali kupimwa kifua kikuu na VVU pia, kwani VVU vyenyewe huongeza sana hatari ya saratani ya limfu.

Tatizo huja mtu anapoanzishiwa dawa za kifua kikuu bila uthibitisho, tezi ikazidi kukua, naye akasubiri tu. Ikiwa haipungui, sema hivi: "Daktari, nimepuliza viuagugu miaka kadhaa, daftari langu hili hapa, naomba tezi hii ikatwe kipande kipimwe." Kipande cha tezi kikipimwa maabara ndicho kinachotoa jibu. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete au Nkinga kule Igunga, na kwa walio Kigoma ni Maweni. Matibabu ya saratani yenyewe yako Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Saratani nyingi za limfu hutibika, na zikiwahiwa hutibika vizuri zaidi.

Haki yako, na siku ya mwisho kazini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na gharama ni ya mwajiri. Kukatwa posho ya glavu si halali. Sheria hiyo pia inahusu kupimwa afya kwa wafanyakazi, na wakala wake ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Shamba kubwa lenye watu wengi lina wajibu wa kusajiliwa kama sehemu ya kazi, na malalamiko hupelekwa kwa wakaguzi wa OSHA au kwa afisa kazi wa mkoa.

Kwa ugonjwa uliotokana na kazi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, wewe hukatwi senti. Usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa makubaliano yenu yalikuwa ya mdomo basi huna pa kuanzia. Nenda ukaulize mapema, mara tu daktari anapotaja ugonjwa, na uende na vitu vitatu: karatasi ya hospitali, uthibitisho kwamba ulifanya kazi pale, na daftari. Ujumbe wa malipo ya simu kutoka kwa mwenye shamba ni uthibitisho pia, usiufute.

Ukiacha kazi, usiondoke na pesa ya mwisho tu. Omba barua fupi inayosema ulipuliza dawa zipi na kuanzia lini hadi lini. Wengine watakataa. Basi andika mwenyewe siku hiyohiyo, mwenzako aliyekuwepo atie sahihi, ubandike ndani ya daftari. Kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali linapokaa. Langu liko kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mke wangu anajua.